Mafuta ya roketi: Kazi ngumu ya kuyatunza na kuyamimina angani

MSOMAJI, ukishuku kwamba gesi yako ya kupikia inakaribia kwisha, bila shaka huwa unaushika mtungi na kuutikisa. Ukisikia kiowevu kikicheza ndani, na ukiupima uzito wake kwa mkono, utakisia kama chapati za jioni zitaiva ama utalazimika kumtuma kijana dukani. Huhitaji kuwa mhandisi. Dunia yenyewe imekufanyia kazi: imekivuta kiowevu kikakaa chini, na mvuke ukabaki juu karibu na vali.

Sasa chukua mtungi huo huo uupeleke angani, huko ambako wanaanga huelea kama unyoya. Utautikisa usiambulie lolote. Huko hakuna juu wala chini. Kiowevu huenda kikawa kimeng'ang'ania kuta za mtungi pande zote, nao mvuke umejikusanya katikati kama kiini cha yai. Ukifungua vali, hujui kitakachotoka ni gesi au ni kiowevu.

Hilo ndilo tatizo ambalo limewakunisha vichwa wahandisi wa Marekani, Urusi na kwingineko tangu miaka ya 1960, na ambalo limekuwa kizingiti kikubwa katika mipango ya kumrudisha binadamu Mwezini. Tumezoea kuonyeshwa injini zinazonguruma na ndimi za moto. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua kama safari hiyo itafaulu aiache injini kwanza, achungulie tangi.

BARIDI ISIYO NA MFANO

Roketi zote hazitumii mafuta ya aina moja. Zile za Scout zilizorushwa kutoka baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, kati ya 1967 na 1988, zilitumia mafuta makavu yaliyoshindiliwa ndani yake mfano wa baruti ndani ya fataki. Mafuta hayo hayamwagiki wala hayavukizi, lakini yakishawashwa huwezi kuyazima na kuyawasha tena upendapo. Kwa safari ndefu wahandisi hupenda viowevu, na hasa hidrojeni inayochomwa kwa oksijeni, kwani ni machache mno yanayoweza kushindana nayo katika kutoa msukumo kwa kila kilo. Siku hizi methani nayo inapendwa sana.

Taabu ni kwamba vitu hivyo vyote ni gesi katika hali yetu ya kawaida. Ili itoshe ndani ya tangi linaloweza kubebwa, hidrojeni sharti ipozwe mpaka igeuke kiowevu, na hapo hujibana takriban mara 800. Hugeuka hivyo inapofikia nyuzi 253 za sentigredi chini ya sufuri. Oksijeni hugeuka kwa nyuzi 183 chini ya sufuri, na methani karibu 162.

Wafugaji wetu wanaifahamu baridi ya jamii hiyo. Yule afisa wa mifugo anayekuja kumtia ng'ombe mbegu za fahali huzibeba ndani ya mtungi wenye nitrojeni ya kiowevu, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sufuri. Akifungua kifuniko, ukungu mweupe hutoka na watoto wakakimbilia kutazama. Mwulize naye atakueleza kwamba hata kama mtungi haukuguswa, nitrojeni hupungua siku baada ya siku na sharti iongezwe, la sivyo mbegu zitaharibika.

Hidrojeni ni baridi kuliko nitrojeni hiyo kwa zaidi ya nyuzi 50, na tangi lake angani hupigwa na jua kali lisilo na wingu wala kivuli cha mwembe. Tena hakuna gari la kupita kila wiki kuongeza.

KAMA MATATU KWENYE TUTA

Wengi hudhani kwamba huko juu nguvu za mvutano wa dunia zimekwisha. Sivyo. Kituo cha kimataifa cha angani huzunguka katika kimo cha kilomita 400 hivi, na mvutano mahali hapo ni karibu asilimia 90 ya huu wa kwetu. Vitu huelea kwa sababu chombo na kila kilichomo vinaanguka pamoja bila kukoma, huku kasi yao ya kwenda mbele ikivifanya viikose ardhi daima. Matatu inapopita juu ya tuta kwa kasi na tumbo likakupanda kooni, kwa nukta moja umeionja hali hiyo. Wataalamu wa shirika la NASA mjini Cleveland huitafuta kwa kuangusha vifaa ndani ya shimo refu, umbali wa mita 132. Jasho lote hilo huwapa sekunde 5 tu na sehemu kidogo za kufanya majaribio yao.

Hebu sasa tazama maziwa yakichemka jikoni. Mapovu huzaliwa chini ya sufuria, hupanda, hupasuka juu, na maziwa hujipindua yenyewe mpaka joto likaenea. Bila uzito, povu halipandi. Hukaa pale lilipozaliwa na kunenepa. Mafuta yaliyo karibu na ukuta uliopigwa na jua huchemka ilhali yale ya mbali yangali baridi vilevile, na shinikizo la tangi hupanda upesi kuliko vile ambavyo mtu angetarajia akipima joto la wastani.

Huku chini dawa ingekuwa rahisi: fungua vali ya juu, mvuke utoke. Angani ukifungua ovyo unaweza kuyamwaga mafuta yenyewe.

Wamarekani walijifunza hayo kwa hasara. Mnamo Desemba 1964 walirusha roketi ya Atlas iliyobeba juu yake Centaur, chombo chao cha kwanza kutumia hidrojeni ya kiowevu. Injini ya Centaur iliwaka vizuri mara ya kwanza, ikazimwa, na mpango ulikuwa iwashwe tena baadaye. Vijiroketi vilivyowekwa ili kuyatuliza mafuta upande wa nyuma vilikuwa dhaifu mno. Hidrojeni ikapiga mawimbi, ikafika kwenye njia ya kutolea mvuke, ikachupa nje, na chombo kikaanza kupinduka-pinduka. Mwasho wa pili haukufaulu.

Basi Julai 5, 1966, wakarusha roketi kubwa isiyokuwa na mtu ndani, kwa lengo lililoonekana la ajabu: kuitazama hidrojeni. Ndani ya tangi walitia kamera ya televisheni, na wahandisi wakakaa huku chini wakiangalia kiowevu kinavyorukaruka injini inapozimwa. Siku hiyo ndipo walipothibitisha hila moja ambayo mimi huiona kuwa ya busara kuliko nyingi. Kwa vile hidrojeni itachemka tu upende usipende, mvuke wake uliachiliwa polepole kuelekea nyuma. Pumzi hiyo ilikisukuma chombo mbele kwa nguvu ndogo sana, lakini ya mfululizo, na ikatosha kuyakalisha mafuta chini ya tangi. Wanaanga wa Apollo waliokwenda Mwezini walitegemea hila hiyo. Waliizunguka dunia kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, kisha injini ya hidrojeni ikawashwa tena kuwasukuma kuelekea Mwezini.

Zingatia hapo, msomaji: saa mbili na nusu, si wiki mbili. Injini zilizowapunguzia mwendo walipofika, zilizowatua na zilizowarudisha nyumbani zilitumia mafuta mengine kabisa, yenye sumu lakini yanayostahimili kukaa bila kugandishwa. Apollo haikulitatua tatizo la kutunza mafuta baridi kwa siku nyingi. Ililikwepa.

TANGI LILILOPASUKA

Hata hivyo kulikuwa na sehemu moja ambayo Apollo haikuweza kuikwepa. Umeme na maji ya kunywa ya wanaanga vilitengenezwa kwa kuchanganya hidrojeni na oksijeni, na vitu hivyo vilibebwa vikiwa na baridi kali kwa safari yote. Ili wasisumbuke na mambo ya mvuke na kiowevu kutengana, wahandisi waliviweka chini ya shinikizo kubwa hadi vikawa si gesi wala si kiowevu, bali kitu kizito mfano wa ukungu. Lakini hata ukungu huo, bila uzito, hujipanga matabaka na kuidanganya mita ya kupimia. Kwa hivyo ndani ya kila tangi palitiwa feni za kukoroga, kama vile mpishi akorogavyo uji usigande.

Usiku wa Aprili 13, 1970, Bw James Lovell, Bw Fred Haise na Bw Jack Swigert walikuwa ndani ya Apollo 13, zaidi ya kilomita 320,000 kutoka nyumbani. Wasimamizi wa safari huko Houston wakawaomba wakoroge matangi. Bw Swigert akabonyeza swichi. Muda mfupi baadaye ukasikika mshindo. Tangi la pili la oksijeni lilikuwa limepasuka, na oksijeni ya tangi la kwanza ikaanza kuvuja.

Uchunguzi ulipofanywa ilibainika kwamba kisa kilianzia ardhini. Wiki chache kabla ya safari, tangi hilo lilikataa kumwaga oksijeni yake kwa njia ya kawaida baada ya zoezi, na mafundi wakaamua kuichemsha itoke, kwa kuwasha vipasha joto vya ndani kwa saa nyingi. Swichi za kuzima joto likizidi zilikuwa zimeundwa kwa umeme wa volti 28, ilhali mitambo ya pale ilitoa volti 65. Swichi zikaungua zikashikana, joto likapanda bila kizuizi, na mpira wa nyaya za feni ukababuka. Hakuna aliyeona. Waya hizo zilizo wazi zikazamishwa tena ndani ya oksijeni, zikangojea mtu wa kubonyeza.

Watatu hao walijisitiri katika chombo kidogo kilichokusudiwa kutua Mwezini, wakivumilia baridi na kiu, na wakarudi salama Aprili 17. Safari hiyo husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ujasiri, na ni haki. Lakini chanzo chake kilikuwa tangi la kitu baridi ambalo lilikuwa gumu kulikoroga angani, na gumu kulimwaga hata hapa duniani.

UTAMBI WA KOROBOI

Baada ya hayo yote ungedhani wahandisi wangekata tamaa. La. Njia mojawapo waliyoishika ni ile ambayo nyanya zetu waliitumia kila jioni. Utambi wa koroboi huyavuta mafuta ya taa kutoka chini hadi juu, yakipinga mvutano wa dunia, kwa sababu mafuta hupenda kushikamana na nyuzi na kupenya katika nafasi ndogo ndogo. Pale ambapo hakuna uzito wa kushindana nao, tabia hiyo ndiyo hutawala. Kwa hivyo ndani ya matangi mengi ya angani huwekwa mabati membamba na wavu wa chuma wenye matundu madogo sana. Kiowevu hujikusanya hapo chenyewe na kulifikia bomba, na matundu yaliyolowa huuzuia mvuke usipite. Hidrojeni, kwa bahati mbaya, hushikamana kwa unyonge, na wavu wake sharti uwe mwembamba ajabu.

Kuhusu joto, tangi huvikwa blanketi la karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa alumini, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikirudisha mionzi ilikotoka. Blanketi hilo hupunguza joto lakini haliwezi kulikomesha. Darubini ya angani iliyoitwa IRAS ilirushwa Januari 1983 ikiwa imepozwa kwa heliamu ya kiowevu, na ilipofika Novemba mwaka huo heliamu ilikuwa imekwisha kuvukiza. Darubini ilikuwa nzima, lakini kazi yake ilikwisha siku hiyo.

Dawa iliyobaki ni jokofu, yaani mashine ya kulitoa lile joto linalopenya. Mnamo Desemba 2018 NASA ilipeleka katika kituo cha kimataifa lita 42 za methani ya kiowevu, zaidi kidogo ya madebe mawili ya maji ya jikoni, pamoja na jokofu lake. Kwa miezi minne methani haikupungua kwa kuvukiza. Nayo ilikuwa habari njema kwelikweli. Kisha Aprili 2019 jokofu likaharibika, methani ikapata joto, na ikabidi iachiliwe itokomee angani kabla ya lile jaribio kuu la kuimimina kutoka tangi moja hadi jingine kufanywa.

KUMIMINA BILA KUINAMISHA

Kumimina mafuta angani si jambo geni. Warusi walianza Februari 1978, wakati Bw Yuri Romanenko na Bw Georgy Grechko walipokuwa ndani ya kituo cha Salyut 6 na chombo cha Progress kikawaletea mafuta. Lakini hayo yalikuwa mafuta yasiyohitaji baridi. Yalisukumwa na gesi iliyotengwa nayo kwa kizuizi kinachokunjuka na kukunjamana kama mvukuto wa mhunzi. Mipira laini ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo katika tangi dogo hukauka kama kioo ikiguswa na hidrojeni ya kiowevu, ikapasuka. Juni 1993 wanaanga wa chombo cha Endeavour walishuhudia heliamu baridi ikihamishwa kati ya mitungi miwili, lakini heliamu ya aina ile ina tabia zake za pekee ambazo mafuta ya roketi hayana.

Ili uelewe ugumu wenyewe, nyunyiza matone ya maji juu ya kikaango cha chapati kilichoshika moto. Hayakauki papo hapo. Huchezacheza na kuteleza, kwa kuwa yamekalia mto wa mvuke wake yenyewe. Kwa hidrojeni, bomba la kawaida ambalo wewe ungeliona baridi ni kikaango cha moto mkali. Kiowevu cha kwanza kinachoingia hugeuka mvuke, mvuke hulizuia bomba lisipoe, na shinikizo hupanda. Ardhini mvuke huo huachwa uende zake. Angani kila kilo ilipandishwa kwa gharama kubwa, na mtu hawezi kumwaga ovyo. Ndiyo maana wataalamu hupeleka mafuta kidogo, wakangoja, wakaachilia mvuke, wakapeleka tena, mpaka chuma kipoe. Kisha hufunga vali na kuyanyunyiza yaliyobaki kama mvua, ili baridi yake iurudishe mvuke uliomo kuwa kiowevu.

Haya yote yamekuwa jambo la haraka kwa sababu ya mipango ya Mwezini. Mnamo 2021 NASA ilichagua chombo cha Starship cha kampuni ya SpaceX kiwatue wanaanga. Chombo hicho hutumia methani na oksijeni, na hufika kwenye mzingo wa dunia kikiwa kimeteketeza karibu mafuta yake yote. Ili kiendelee sharti kijazwe huko huko na vyombo vingine vya kubeba mafuta, kimoja baada ya kingine. Makadirio yaliyotolewa hadharani kuhusu idadi ya safari hizo yametofautiana sana, kuanzia chini ya 10 hadi karibu 20. Hapo ndipo penye hatari. Kila siku inayopita kati ya chombo kimoja na kinachofuata, sehemu ya mafuta yaliyokwisha kuletwa inavukiza. Ni sawa na kujaza pipa linalovuja: sharti uchote upesi kuliko linavyovuja, na roketi moja ikicheleweshwa na mvua ama hitilafu, hesabu yote huharibika.

Oktoba 2020 NASA ilikuwa imeipa kampuni hiyo dola milioni 53 ili ionyeshe uwezo wa kuhamisha tani 10 za oksijeni baridi. Machi 14, 2024, katika safari ya tatu ya majaribio, oksijeni ilihamishwa kutoka tangi dogo hadi tangi kubwa ndani ya Starship hiyo hiyo moja. Ilikuwa hatua ya maana, ingawa kumimina ndani ya chombo kimoja si sawa na vyombo viwili vikubwa kukutana, kushikana, kuunganisha mabomba yasiyovuja na kujisukuma mbele kidogo ili mafuta yakae upande mmoja. Kampuni nyingine, Blue Origin, ilipewa kandarasi ya dola bilioni 3.4 mnamo Mei 2023 kwa chombo kitumiacho hidrojeni, iliyo baridi zaidi na yenye kero zaidi.

Kabla ya kuanza kushuka Mwezini, nahodha atahitaji kuambiwa jambo moja bila kubahatisha: ni kilo ngapi zimebaki? Wahandisi wa NASA wamebuni kifaa kinachotuma mawimbi ya redio ndani ya tangi na kusoma jinsi yanavyorudi, kwa kuwa tangi lililojaa hulia tofauti na lililo nusu. Kilipelekwa na zile lita 42 za mwaka 2018, kisha kikapanda tena Februari 15, 2024 ndani ya Odysseus, chombo cha kampuni ya Intuitive Machines. Safari hiyo ilikuwa imesogezwa mbele kwa siku moja kwa sababu methani iliyotayarishwa kutiwa ndani ya chombo haikuwa na baridi inayofaa. Wiki moja baadaye Odysseus ilitua Mwezini, ikalala ubavu, baada ya kuwasha njiani injini yake ya methani na oksijeni mara kadhaa.